Siku ya Nne Bila Chupa

Kehancha, Alhamisi, Agosti 1996

Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, na majani ya mahindi yalidondosha maji kana kwamba mvua imenyesha. Kufikia saa nne jua lilikuwa limetoka kabisa. Ninaandika haya alasiri, nikiwa nimeketi barazani, na gauni langu bado lina alama ya maziwa kifuani.

Nina furaha. Ninaiandika mapema kwa sababu ina aibu ndani yake, na najijua: nikikawia, nitaandika furaha na kuiacha aibu.

Mjukuu wangu Akinyi yuko kwangu tangu Jumapili. Ana mwaka mmoja na miezi minane. Mama yake ni binti yangu Boke, aliyeolewa na Mjaluo wa kisiwa cha Takawiri, na huko ndiko mtoto alikozaliwa. Sisi huku ni Wakuria. Kijaluo changu ni cha salamu na majina ya samaki, basi.

Boke alimleta kwa ajili ya jambo moja: chupa. Mtoto ananyonya chupa asubuhi, mchana na wakati wa kulala, na ndani ya chupa hiyo wamezoea kumtilia chai ya maziwa yenye sukari. Chuchu ya mpira ni vigumu kuisafisha vizuri. Mara mbili mwaka huu tumbo la mtoto limeharibika vibaya. Sasa meno mawili ya juu yameanza kugeuka rangi. Muuguzi wa kliniki alimwambia Boke aiache chupa mara moja na ampe mtoto kikombe. Boke amejaribu mara mbili. Kila mara, siku ya pili, kilio kimemshinda.

Nilimwambia aniachie mtoto hadi Jumamosi.

"Na usipoweza, Mama?" aliniuliza.

"Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Nitaweza."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Chupa niliifungia ndani ya sanduku la vitabu, na Jumapili hiyohiyo niliandika andalio la somo, kama nilivyofunzwa chuoni. Jumatatu: kukitambua kikombe. Jumanne: kumeza funda moja. Jumatano: mafunda matatu. Alhamisi: nusu kikombe. Kikombe nilichagua mwenyewe, kidogo, cha bati, chenye maua ya bluu na mkono unaotosha vidole vya mtoto.

Somo la Jumatatu lilipita salama. Akinyi alikitambua kikombe, akakigonga sakafuni kwa muda mrefu.

Jumanne ndipo mambo yalipoharibika. Nilimpakata kama inavyotakiwa, mkono wa kushoto chini ya kidevu, mkono wa kulia umeshika kikombe, nikakileta midomoni polepole. Alifumba kinywa. Nilipokirudisha mezani, alinyoosha mikono na kusema kwa sauti kali:

"Mara!"

Nilifurahi kupita kiasi. Ukurasa wa Jumanne wa daftari hili unashuhudia: nimeandika kwamba neno la kwanza la mjukuu wangu nyumbani kwangu ni la Kiswahili, na kwamba limetamkwa vizuri. Nilimjibu kama nilivyomjibu mwanafunzi yeyote aliyeniletea sentensi isiyokamilika. Mara ngapi? Mara moja au mara nyingine?

Niliona wazi kwamba anaomba mara nyingine. Nikamletea kikombe tena. Akakipiga kofi.

"Mara!" alilia. Nikakileta tena. Kofi tena.

Jumatano ilikuwa hivyohivyo tangu asubuhi hadi jioni. Anaomba, ninampa, anapiga. Niliandika neno "ukaidi" na kulipigia mstari. Nilisema pia, moyoni tu, kwamba ukaidi huo haukutoka upande wetu. Sasa nimeliandika, na liwe mahali ambapo nitalisoma tena.

Hakuwa na njaa. Uji mzito alikula kwa kijiko, na ugali alikula. Lakini kunywa alikunywa kidogo mno, vijiko vichache tu vya maji, na jua la mchana ni kali. Nepi zake zilikaa kavu kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda.

Jana jioni mume wangu alisimama mlangoni akitutazama.

"Mama Boke, mpe mtoto chupa."

"Sitampa."

"Umewahi kuona mtu mzima anayetembea na chupa ya kunyonya? Ataiacha mwenyewe."

"Nimewahi kuona mtu mzima asiye na meno ya mbele," nilimjibu, nikimtazama kinywani.

Alicheka akijiziba mdomo kwa kiganja, kama kawaida yake. Kisha akaacha kucheka.

"Kesho jioni, kama hajanywa, nitampa mimi. Midomo yake imekauka. Sitazami tena."

Alipotoka kwenda kuangalia tumbaku yake, nililifungua sanduku la vitabu. Nilitoa chupa. Niliiosha kwa maji ya moto, nikaikausha, nikasimama nayo karibu na sufuria ya maziwa.

Nilisimama sana.

Kisha nikairudisha. Sikuirudisha kwa sababu ya ushujaa. Niliona aibu kuwazia uso wa Boke siku ya Jumamosi, nami nilikuwa nimemwambia nitaweza. Huo ndio ukweli, na si mzuri.

Leo asubuhi nilianza tena. Kofi, maziwa kifuani, kilio. Ilipofika saa tano alikuja Mama Otieno, mama wa Kijaluo anayetuletea dagaa wa omena kila wiki. Aliteremsha beseni lake kichwani, akaketi kwenye ngazi kupumzika, akawa anatutazama. Sikupenda kutazamwa. Nilimpakata Akinyi kwa namna ileile na kukileta kikombe.

"Mara!" alilia Akinyi. "Mara! Mara!"

Mama Otieno akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwalimu! Unafanya nini huyu mtoto?"

"Ninamnywesha. Anaomba mara nyingine, kisha anakataa. Ni mkaidi."

"Mara nyingine gani? Huyo anaongea Kijaluo! Hiyo mtoto hakatai kikombe. Anakwambia ni yake."

"Ni chake," nilimrekebisha.

"Ee! Hata wewe umekubali! Sasa si umpatie?"

Miaka thelathini nimewarekebisha watu "yake" kuwa "chake", na leo nilimrekebisha mtu nikajihukumu mwenyewe kwa sarufi safi kabisa.

"Mara" kwa Kijaluo ni "-angu". Mtoto alikuwa ananiambia, tangu Jumanne, kwamba kikombe ni chake na mkono wangu ukiachie. Nami kila aliposema hivyo, nilimjibu kwa kumsukumia mdomoni kwa nguvu zaidi.

Nilimketisha Akinyi mkekani. Nilitia maziwa ya uvuguvugu, yasiyozidi robo kikombe, nikakiweka mbele yake na kuachia.

Alikishika kwa mikono miwili. Alikitazama, akanitazama mimi, nadhani akingoja nimnyang'anye. Kisha akaingiza pua na mdomo pamoja. Maziwa yalimwagika shingoni hadi tumboni. Akapaliwa, akakohoa. Niliinuka, lakini Mama Otieno akanishika gauni.

"Kaa, Mwalimu! Wacha amwage. Hiyo nguo si itafuliwa?"

"Amepaliwa!"

"Amekohoa, imeisha. Akinyi, ona dani anakusumbua!"

Dani ni bibi. Hilo nalijua.

Niliketi. Akinyi alipumua, akajipangusa kwa mkono mzima, akarudia. Safari hii nilimwona koo likipanda na kushuka. Funda moja. La pili. La tatu. Alikiinua kikombe mpaka kikamfunika uso, akabaki hivyo, akisikiliza nadhani, kisha akakiteremsha, akachungulia ndani na kuninyooshea.

"Meda!"

Nilikuwa tayari nimefungua kinywa kumjibu. Nikakifunga. Nikamgeukia Mama Otieno.

"Hiyo ni nini?"

"Anataka umwongezee."

Nilimwongezea. Alikunywa mara tatu, na nusu yake iliingia tumboni; nusu nyingine tuligawana mimi, mkeka na kuku mmoja. Baadaye alilala usingizi wa mchana bila chupa. Alilalamika kidogo, akashika sikio langu, akalala. Alipoamka, nepi ilikuwa imelowa chepechepe. Sijawahi kufurahia kufua nepi kama leo.

Mume wangu alirudi saa tisa akiwa amejiandaa kwa vita.

"Amekunywa?"

"Muulize mwenyewe," nilisema. Akinyi alikuwa mkekani na kikombe chake, kifua kimelowa. Mzee alichuchumaa, akampigia makofi. Kisha nikamsimulia kisa chote, na nilitarajia atashangaa nami.

Hakushangaa.

"Mara? Si ni 'yangu'? Pale mnadani Ogwedhi, Wajaluo wawili wakishika kamba ya ng'ombe mmoja, huyu anasema mara, na yule anasema mara. Tangu ujana wangu nalisikia."

"Ulijua! Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniambia mtoto anasema Kiswahili." Alinitazama bila mzaha wowote. "Mama Boke, nani atabishana nawe kuhusu Kiswahili?"

Akaenda zake kunawa mikono.

Nimekaa na swali hilo tangu saa tisa. Halikusemwa kwa ubaya. Lingekuwa la ubaya, ningelijibu. Mume wangu alijua maana ya neno, mtoto alikuwa na kiu, na bado aliona ni rahisi zaidi kunitaka nitoe chupa kuliko kuniambia kwamba nimesikia vibaya. Ni wangapi wengine wamenyamaza hivyo? Nawakumbuka wanafunzi wa darasa la kwanza waliosema neno moja tu la nyumbani kwao, nami nikawaambia wakae chini. Huenda mmoja wao alikuwa anaomba kwenda chooni.

Sitajifanya kwamba sarufi imenikosea. Kikombe ni chake, chupa ilikuwa yake, na nitaendelea kusema hivyo kwa yeyote atakayenisikiliza, akiwemo Mama Otieno. Lakini sikio ni kitu kingine, na langu nimeliacha muda mrefu likisikia lugha moja tu, hata pale mtoto anaposema nyingine.

Juu ya kikombe sina shaka tena. Kesho atakunywa nyumbani, na Jumamosi atakunywa mbele ya mama yake, atamwaga, na hakuna atakayekufa kwa kumwagiwa maziwa. Chupa Boke hatairudisha kisiwani. Hilo nimeahidi na ninalitimiza.

Lililobaki ni lile nitakalomwambia. Ningeweza kumwonyesha mtoto akinywa, nikanyamaza, naye angeondoka akiamini kwamba mama yake ana mbinu. Nimelifikiria jambo hilo kwa kirefu kuliko inavyostahili. Hapana. Nitamweleza zile siku mbili za makofi kama zilivyokuwa. Kisha nitamwomba asiondoke upesi, aketi nami aniandikishe maneno anayoyasema mwanawe: yale ya kiu, ya maumivu, ya kuogopa, ya kutaka kubebwa. Yeye atasoma, mimi nitarudia, na atanirekebisha matamshi.

Nina miaka sitini na minne. Daftari jipya ninalo, na penseli nimekwisha kuichonga.