Madirisha ya Katibu

Jumatatu, 4 Machi

Nani aliyeamuru binadamu aandike huku skrini imekatwakatwa kama shamba la urithi? Fundi — mwenzangu wa chumbani, anayesomea kompyuta — amenifutia programu niliyoizoea na kuniwekea kihariri chake. Eti waraka wetu wa malalamiko ukae kushoto, kanuni za chuo kulia. Nimebonyeza kitufe kimoja, madirisha sita! Kingine, limebaki moja: kanuni za chuo. Waraka uko wapi? Haujapotea, anasema, umefichika tu. Watawala nao husema hivyo kuhusu haki zetu.

Na Ijumaa wanaleta mbao kuukata ukumbi wa kusomea uwe ofisi. Tusomee wapi — ngazini?

Jumanne, 5 Machi

Mwenyekiti wetu wa kamati ya wanafunzi ameufyata. Amesoma kifungu changu cha mwisho: mbao zikiingia, tutaketi mlangoni, hatutaondoka. Anadai Mlezi wa Wanafunzi akikiona, atatufukuza chuo. Basi ziwe nyaraka mbili: ya adabu kwa Mlezi, yangu isomwe mkutanoni. Ndimi mbili! Nimepinga saa nzima. Kamati imepiga kura, nimeangushwa.

Jumatano, 6 Machi

Nimegawa skrini. Kushoto moto, kulia maji. Kulia nimefuta kifungu cha mwisho, nikaandika "tunaomba kwa unyenyekevu". Kugeuka kushoto — kifungu changu hakipo! Unyenyekevu umehamia huko! Kihariri hiki kimelaaniwa. Nimeufuta, nikakirudisha kifungu, kikali maradufu.

Dirisha la kulia nilikwisha kulirudisha juu, lilionyesha salamu za mwanzo tu. Nikachapisha kutoka hapo, nikatia kwenye bahasha bila kusoma. Unyenyekevu wangu mwenyewe unanitia kichefuchefu. Katibu muhtasi wa Mlezi ameipokea.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi amecheka hadi akajilaza kitandani kwangu.

"Dada, hizo si nyaraka mbili. Ni faili moja, unalitazama kwa madirisha mawili. Ukigusa huku, umegusa kule."

Na alikusudia kuniambia lini?

Kwa hiyo Mlezi ameupata moto wote. Ametuita kesho. Habari zimevuja, koridoni napigiwa makofi, hatimaye wamepata katibu asiyemung'unya maneno. Mwenyekiti hanisemeshi.

Ijumaa, 8 Machi

Benchi nje ya ofisi ya Mlezi. Mbao zimeshushwa uani. Wanafunzi wamezikalia, wamegoma kuinuka. Wanasema wanatekeleza kifungu cha katibu.

Katibu muhtasi ametudokeza: Mlezi ana swali moja tu, kifungu kile ni cha nani. Mwenye nacho hatamaliza muhula.

Mwenyekiti kaninong'oneza: "Sema ukweli, ndugu yangu. Sema ni kosa la kompyuta."

Ukweli! Mwaka mzima nimeudai majukwaani, na leo ndio mlango wa nyuma. Nikiusema, nitabaki chuoni, na wale walioko uani watakuwa wamekalia kosa la kompyuta. Nikisema nilikusudia, nimedanganya — ingawa kila neno ni langu!

Mlango umefunguka. Mlezi ana waraka mkononi. Anauliza katibu ni yupi. Mwenyekiti keshaninyooshea kidole. Nasimama —