Tui Lililokatika Gazetini kwa Nasra

Kwa mdogo wangu Biubwa,

Miaka mitatu, Biubwa! Miaka mitatu hujatia mguu Maskati, na ukiulizwa unasema miguu. Miguu gani hiyo inayokwenda harusini Makunduchi ikarudi, ikenda tena Chake kumtazama mzazi, ikifika uwanja wa ndege tu ndiyo inauma? Usinifanye mjinga. Sikusoma, lakini kuhesabu najua.

Haya, salamu, nisije nikasemwa. U mzima? Presha imetulia? Ule mguu wenye maradhi ya kweli, wa kushoto, bado unaukanda, au unangoja uvimbe ndiyo ukumbuke dawa? Sisi huku hatujambo. Joto limepungua, hata sisi wa Al Amerat, tuliozungukwa na majabali kama tumo ndani ya tanuri, asubuhi tunafungua madirisha.

Barua hii mie nasema, anaandika Nasra, mjukuu wangu. Nimemwapisha asinipambe. Kwenye simu siwezi kukwambia haya, maana wewe kwenye simu hunikatiza, halafu unasingizia mtandao. Karatasi huikatizi. Jirani yangu anasafiri keshokutwa, nampa pamoja na kopo la halua.

Nnajua kwa nini huji. Ni ule mchuzi wa pweza. Ulipika jikoni kwangu siku waliyokuja wakwe kutoka Bawshar, tui likakatika, na mimi nikasema mbele yao wote, "Biubwa tangu utotoni tui humshinda." Wakacheka. Wewe ukacheka pia, ukaosha sahani zote, na kesho yake ukaanza kuulizia tiketi. Ngoja nikupe khabari, halafu tutarudi hapo.

Unakumbuka Nasra alipelekwa Ureno kusomea mambo ya maji. Amerudi na shahada ya maji, na kichwa kimejaa Kireno. Mchana yumo ofisini anahangaika na mabomba. Akirudi anafungua kompyuta, anatoa gazeti. Si gazeti la kufungia maandazi. Limo kwenye mtandao, mtu analisoma kwenye simu yake popote alipo. Ni hadithi na mashairi ya watu wanaoandika Kireno: wa Msumbiji, wa Angola, wa Brazili, hata wa visiwa ambavyo sikujua kama Mungu ameviumba. Nasra na wenzake wawili, mmoja Maputo, mmoja huko huko Ureno, wanazipokea, wanazichagua, wanazinyoosha, wanazitoa. Baba yake, mwanangu Khalfan, akamwuliza, "Nasra, gazeti la Kireno hapa Maskati atalisoma nani? Paka wa Matrah?"

"Watu wanalisoma, Baba."

"Wangapi?"

Mtoto akajiwekea sharti mwenyewe: toleo hili likipita kimya kama yaliyotangulia, anafunga.

Sasa sikiliza nilivyoingia mie. Nasra huzisoma zile hadithi kwa sauti, ati asikie kama zinakwenda. Ijumaa moja baada ya alasiri nimekaa nachambua mchele, nikamwambia, "Wanasema nini hao? Unanipigia kelele bure." Akaanza kunifasiria papo hapo. Tokea siku hiyo ndiyo kazi yetu ya kila Ijumaa. Nikipiga mwayo, anatia alama nyekundu, anawaandikia wenzake, "Hapa Bibi amelala," na wao wanapafyeka. Kireno sikijui hata cha kuombea maji, lakini mtu akinidanganya nnajua.

Toleo hili lilikuwa na hadithi ya mtu mmoja wa kisiwa cha Ibo, Msumbiji ya kaskazini, jina lake Momade. Ndiye Muhammad wetu, wao wanaliandika hivyo. Ni mwandishi mwenye jina. Nasra amembembeleza mwaka mzima mpaka akakubali kumpa hadithi. Ilikuwa ya bibi arusi mpya, mgeni ukweni. Anapika pweza wa nazi. Anatia tui zito, moto unawaka, anakiacha chungu, anatoka uani kulia kwa kumkumbuka mama yake. Analia mpaka jua linahama ukutani. Halafu anarudi, anapakua, mama mkwe anaonja na kusifu: mchuzi laini kama hariri.

Nikaacha mchele. "Nasra, rudia hapo."

Akarudia.

"Amelia muda gani?"

"Mrefu, Bibi. Ndiyo uzuri wa hadithi."

"Na tui nani analikoroga?"

"Hakuna mtu, Bibi. Ni hadithi."

"Ni hadithi ya mtu asiyeingia jikoni! Tui zito ukilitupa na moto mkali linakatika. Mafuta juu, machenga chini. Mama mkwe gani huyo akasifu? Hana ulimi?"

"Sasa nimwandikeje mtu mkubwa kama yule?"

"Mwandikie hivyo hivyo. Bibi yangu kasema tui limekatika."

Na kwa kuwa hajui kuzunguka maneno, kanirithi mie, akaandika hivyo hivyo.

Siku tisa, Biubwa. Kimya. Wenzake wakamwambia bwana yule ameudhika, ataichukua hadithi yake, toleo litabaki na tundu katikati. Nasra hakunigombeza. Alisema tu, kikombe mkononi, "Bibi, ungenyamaza mara moja tu." Nikaingia chumbani, nikakaa juu ya kitanda. Nilikuona wewe, umenipa mgongo, unaosha sahani. Nikajiuliza, ulimi huu utanibakishia nani?

Siku ya kumi ukaja ujumbe wa sauti. Si wa Momade, wa mama yake, Bi Atija. Momade alimsomea maneno yangu ili wacheke pamoja, mama asicheke. Alisema Kimwani, lugha yao ya kule pwani, imekaribiana na yetu. Nusu niliifahamu mwenyewe, nusu Momade ameiandika kwa Kireno, Nasra akanifasiria. Alisema: "Huyo bibi arusi ni mimi. Mwanangu nilimhadithia kwamba mchuzi ulisifiwa, kwa haya. Siku ile tui lilikatika. Mkwe wangu alionja, akanitazama macho, akayaona mekundu. Hakusema kitu. Akala, akaniomba nimwongeze. Aliyejua ni yeye na mimi, na yeye ameshatangulia. Huyo bibi wa Maskati amejuaje?"

Nililia, nnakwambia, mpaka mchele ikabidi niukoshe mara mbili.

Momade akaandika mwisho upya. Tui linakatika, mama mkwe anakula, anaomba aongezwe. Basi, hapo hapo. Nasra aliponisomea, sinia la mchele likaniporomoka mapajani.

Toleo limetoka. Watu wanatumiana, Maputo mpaka Brazili, na chini ya hadithi wanaandika khabari za mama zao na wakwe zao. Nasra anasoma mpaka chakula kinapoa. Hafungi tena. Khalfan nimemfuma kwenye simu akijigamba, "gazeti letu." Letu! Paka wa Matrah naye kajitia. Na pale yanapotajwa majina ya wenye gazeti wametia na langu, Zuhura, na pembeni yake wameandika msikilizaji. Nasra alinionyesha kwa kidole. Herufi zangu ni sita. Nimeshazijua, nazichora hata kwenye unga wa chapati.

Basi turudi kwenye mchuzi wetu. Ilikuwa miezi miwili tu tangu shemeji, mumeo, afariki. Ulikiacha chungu ukatoka uani, na uliporudi macho yako yalikuwa yamevimba. Mimi nikatazama chungu, sikutazama macho. Nilikosa, Biubwa. Nisamehe. Nasra kaacha kuandika ananikodolea, hajapata kunisikia neno hilo. Andika, we mtoto!

Nisalimie kaka yetu Seif, mwambie chai yenye sukari vijiko vinne si chai. Nisalimie mkaza mwanao Maua, fundi wa mkate wa kumimina, na wifi yetu Bi Rehema anayekuchunga usidanganye kwenye dawa.

Na wewe uje kabla ya Ramadhani. Leta pweza mkavu, na mbuzi yako ya nazi, maana mie nimechoka na tui la pakti. Ukifika usikae barazani kama mgeni. Ingia jikoni, bandika chungu, tia tui zito, halafu toka uani ukae utakavyo. Likikatika, pakua hivyo hivyo, uniletee mimi wa kwanza. Na nikikurudishia sahani, uniongeze.

Dada yako,
Zuhura