Kuba Nilikwenda

Gillian,

Pai ya nyama iko kwenye friji. Toa pipa la kijani kabla lori la taka halijapita. ~~Unisamehe kwa makelele ya asubuhi.~~ Sikuombi radhi ng'o!

Eti, "Mama, waliofika Kuba Wamarekani hawawapi kibali cha mtandaoni cha kuingia kwao. Jaza tu hujafika, nani atajua?" Nitajua mimi! Nilipomzika baba yako, Havana ndiko nilikocheza dansi mpaka nikakumbuka kucheka. Siikani safari ile. Naenda zangu London, ubalozini kwao, nikahojiwe viza nikiwa na picha zangu za dansi mkobani.

Wakininyima, mwambie mwanao Imogen harusi asiifanyie Boston. Aihamishie Havana. Ukumbi naujua.

Mama