Kufuli la Chumba cha Juu

Gunsan, 9 Machi 1998

Mwanangu Dong-hyeok,

Hujambo wewe, na benki yako haijambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua kila mvua ikitaka kunyesha.

Usingizi sina. Bwana Pyo wa chumba cha juu hajalipa kodi miezi mitatu sasa, tangu kiwanda cha magari kimpunguze ukarani. Bila kodi ile mafuta ya kupashia nyumba joto nayapata wapi? Mkewe akinirudishia bakuli nililompelekea kabichi ya kimchi, analeta na majani ya ufuta, eti bakuli la jirani halirudi tupu. Majani yatalipa umeme? Nimenunua kufuli jipya. Jumapili wakienda kanisani nafunga mlango, liwalo na liwe.

Mama yako

Seoul, 13 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Mimi sijambo, kazi ni nyingi tu.

Kufuli liache, nakuomba. Ukimfungia mtu nje, mkosaji unakuwa wewe. Kodi ya miezi miwili isipolipwa, sheria inakuruhusu kuvunja mkataba. Peleka barua posta, nakala tatu: moja yake, moja inabaki posta, moja yako. Akikaidi, nenda mahakamani. Ukishinda, dalali wa mahakama anakuja asubuhi na mashahidi wawili. Anagonga. Vyombo vinatiwa kwenye makatoni, kila katoni na namba yake, hata viatu vya mlangoni. Majirani wanachungulia.

Ila kwanza panda juu ukaongee naye. Mtu aliyekosa kazi anaogopa hata nyayo za ngazini.

Ukijibu, tumia anwani ya rafiki yangu Jae-pil, nimeiandika chini pamoja na namba yake ya simu. Kwangu wanapaka rangi.

Mwanao

Gunsan, 21 Machi

Dong-hyeok,

Sikuulizi hali, maana utanidanganya.

Barua niliiandika, nikapanda nayo mwenyewe. Pyo alinifungulia saa nne asubuhi kavaa tai, mtu asiye na pa kwenda. Barua ikabaki mfukoni. Tumekubaliana: wanahamia kwa wakwe zake tarehe thelathini, kodi ya nyuma nakata kwenye amana aliyoniwekea alipohamia, inayobaki namrudishia. Tumeandikiana, kila mtu akagonga muhuri wa jina lake.

Nikashuka nikaisoma tena barua yako. Viatu vya mlangoni. Nani alikwambia habari ya viatu? Nikapiga simu benki. Wanasema walikupunguza Desemba. Jae-pil naye nilimbana kwenye simu mpaka akasema unalala jikoni kwake, na makatoni yako yamewekwa kwenye ghala la watu.

Nimelia, kisha nikakasirika, na hasira haijaisha. Miezi yote hii unaniandikia kazi nyingi, kazi nyingi. Umenifundisha kumpandia Pyo ngazi. Wewe nani alikupandia?

Chumba cha juu kitakuwa wazi. Pyo akishatoka nalitia lile kufuli jipya. Lina funguo mbili, mmoja nimeushonea ndani ya bahasha hii, usiichane ovyo. Habari ya kodi tutaongea baadaye, na miezi miwili ya mwanzo hata sheria yako ile hainiruhusu kukutoa.

Najua utasema huwezi kurudi nyumbani hivyo hivyo. Njoo mikono mitupu. Wewe si bakuli la jirani.

Mama yako