Kwa Nini Kulibaki Kitu

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini nyote ni wazima, na magoti ya mama yamepoa kidogo. Mimi mwili hauna neno; moyo ndio unaochemka.

Kila tukizungumza unanitania eti nalipwa kuchunguza mambo ambayo hakuna aliyeyashuhudia. Ni kweli. Mwanzoni kabisa mwa ulimwengu maada, yaani kila kinachoshikika, na kinyume chake vilitokea sawasawa, na vikikutana huangamizana; ilipasa ubaki mwanga mtupu. Sasa sisi tumetoka wapi? Kwa nini kulibaki kitu? Miaka minne nimehangaika na swali hilo ofisini kwa profesa wangu. Utaratibu wake ni mmoja: chaki anashika yeye. Mimi nasimama dirishani nawaza kwa sauti, yeye anaandika ubaoni. Nilidhani ni heshima ya umri.

Mwaka huu jibu lilipatikana, nami ndiye niliyemtajia, hatua kwa hatua. Makala ikatoka na jina lake peke yake. Mimi nimeshukuriwa mwishoni kwa mazungumzo ya kuburudisha, kama mleta chai! Nilipomwendea, hakuinua hata macho. Alisema kila aliyepita mlangoni aliona ubaoni mwandiko wa nani. Nilimchukia, dada, na bado namchukia.

Nikairudia hesabu peke yangu, nipate kumuumbua mbele za watu. Katikati nikaliona kosa. Kuna mahali nilimtajia kujumlisha, kumbe ilikuwa kutoa. Naye aliandika tu. Hakuielewa kiasi cha kunisahihisha. Ukitoa, pande mbili zinafutana, habaki mtu wala nyota; jibu lote linaanguka.

Sasa wanamwandalia tuzo. Wenzangu walinishauri ninyamaze, aje aaibike mwenyewe siku moja. Nilishindwa. Lile kosa ni langu, na katika kazi ile yote ndicho kitu pekee ambacho hatakigombania. Jana niliwaandikia wahariri wa jarida lililotoa makala, nikaeleza lilivyoingia ili waichapishe barua yangu, nikatia sahihi yangu. Leo asubuhi profesa amenijulisha kupitia karani wake kwamba mkataba wangu hautaongezwa.

Narudi mwisho wa mwezi. Mama usimwambie kwanza, nitamwambia mwenyewe. Majirani wakiuliza, waambie hatimaye jina langu litachapishwa.

Wabusu wanao kwa niaba yangu, na shemeji msalimie sana.

Ni mimi mdogo wako,
mnayeniita Mtaalamu