Watu makumi ine ba Karuba

Estelle, leo nimepata haya mbele ya kikao nzima!

Unajua aplikasio yetu ya simu, ya bei ya maharagi. Nikabaonyesha grafike ya juma hii: ku kijiji ya Karuba, watu bapya makumi ine bamejiandikisha! Bakapiga makofi.

Papa Esdras, président wa koperative yetu, akasema: "Tubaite, tubashukuru."

Nikafungua liste. Majina makumi ine, namba ya simu MOJA!

Tukaita ile namba. Mama Byukusenge akajibu: "Mutoto yangu, mot de passe, ile neno ya siri, nasahabuka kila nikifunga simu. Njo maana nafunguaka konti ingine, na jina ingine."

Muntu moja, Estelle! MOJA!

Nikangoja banifukuze ku kazi. Papa Esdras akacheka mpaka machozi: "Huyu moja anatupenda sana!"

Kesho ananituma Karuba, nimuandikie Mama Byukusenge mot de passe ku ukuta ya nyumba yake.