Nimekula Hitima Yangu

Alhamisi, 10 Machi 1983

Nimefika. Nimefika nyumbani — na nimekula hitima yangu mwenyewe!

Ngoja niandike taratibu. Nimeshuka bandarini kabla ya adhuhuri, nikakatiza Posta na Mnazi Mmoja kwa miguu, sanduku begani. Soko la Kariakoo limeisha kujengwa, mimi nililiacha mashimo na nondo. Mtaa wa Sikukuu, nyumba ile ile. Duka la kaka Salem mbele, mlango nusu wazi, rafu tupu. Nikaingia. Ukumbini wanawake wamejaa mikekani, ubani unafuka, Yasini inasomwa. Moyo ukanilipuka. Nani kafa? Mama? Lakini Mama huyo hapo katikati, na ushungi wake mweupe, kainamia juzuu. Nikasimama kama mjinga. Bibi mmoja nisiyemjua akanisogezea sahani ya kalmati: kula, mgeni, ni sadaka. Nilikuwa na njaa, nikala. Ya pili iko mdomoni ndipo nikasikia dua. Wanamwombea Mbaruk wa Bi Thuraya, aliyezama baharini, kaburi lake lisilojulikana lijazwe nuru.

Mbaruk wa Bi Thuraya ni mimi.

Kalmati ikanipalia. Nikakohoa mpaka machozi. Mama akainua uso, akaniona. Hakupiga kelele. Alifunika juzuu, akainuka, akaingia chumbani kwake, akatia komeo. Waliopiga kelele ni wale wengine.

Ijumaa, 11 Machi

Mama hajatoka.

Kaka Salem kanieleza. Miaka minne nyuma alikuja baharia mmoja wa Tanga na habari: meli ya Mbaruk imezama, hakupona mtu. Wakanisalia, wakanisomea, nguo zangu wakagawa, kitanda changu kikaenda msikitini. Tangu hapo kila Alhamisi Mama ananisomea Yasini. Kila Alhamisi! Na mimi huko salamu zangu nikizituma kwa kila anayekuja pwani. Wallahi sijui zilikuwa zinaishia wapi.

Na meli ilizama kweli. Ila mimi sikuwemo, nilishashushwa Dakar. Nilimsimulia Salem. Mpishi mkuu aliuza nyama ya meli bandarini, mambo yakamgeukia, akataka mimi, msaidizi wake jikoni, nikiri kwamba ndiye mwizi. Mbele ya nahodha na wenzangu wote nikasema hapana. Mimi! Mimi niliyeondoka hapa siwezi kumkatalia hata muuza karanga! Wakanitupa gatini na sanduku langu. Nikalala njaa, nikalala msikitini, nikabeba magunia. Lakini lile hapana ndilo lililoniponya na maji. Marseille, Hamburg, Santos, kote nilikozunguka, sikuchuma kingine cha maana. Nilijifunza kukataa, halafu kuvumilia kinachofuata.

Nilidhani Salem atafurahi. Alikuwa anatazama mlango. Mwisho akasema: sasa watu watasemaje?

Jumatatu, 14 Machi

Nimepewa chumba cha uani, kile cha kuwekea magunia zamani. Kina panya na dirisha moja. Sawa, nimelala pabaya zaidi.

Mama katoka. Anapika, anafagia, anasali. Ananipita kama kiti. Leo kamwambia Mauza, mke wa Salem: mwambie mgeni chai iko tayari. Nami nimesimama pale pale! Nikasema, asante Mama. Akageuka akaenda zake.

Nimefua nguo zangu mwenyewe pale bombani, kama nilivyozoea. Mauza kacheka mpaka kashika mbavu. "Shemeji, mzimu gani wewe unafua, tena unakula kuliko walio hai!" Huyu Mauza ndiye pekee anayenitania, Mungu ambariki. Lakini Mama katoka jikoni amekunja uso. Akasema, hakuniambia mimi, aliuambia ukuta: mwanangu hakuwa anafua.

Kweli, sikuwa nafua. Sikuwa nafanya kitu, nilikuwa nasubiri niambiwe. Nilidhani nikirudi hivi nilivyo atanipenda zaidi. Kumbe anayemtaka ni yule wa zamani, na yule, sijui nisemeje, labda kweli kazama.

Alhamisi, 17 Machi

Wamesoma tena! Mimi nimekaa barazani nje, nasikia jina langu likiombewa maghufira. Wapita njia wananipa salamu, naitikia, huku ndani mimi maiti. Nilicheka kwanza. Halafu sikucheka.

Wanawake walipoondoka nikamfuata Mama jikoni. Nikapiga magoti. Mama, niko hai, nishike. Akanitazama sawasawa kwa mara ya kwanza. Akasema: nimemlilia mwanangu mpaka macho yakaingia ukungu, kisha nikamkabidhi kwa Mungu, nikapata usingizi. Sasa wewe unakuja unataka nimchukue tena huko? Halafu ukiondoka tena nifanyeje?

Nikamwambia siondoki. Akaendelea kuchambua mchele. Hakuna mchele mwingi siku hizi, na wenyewe una mawe.

Jumapili, 20 Machi

Jambo la ajabu. Kaka Salem kabadilika! Asubuhi kanigongea mwenyewe: amka ndugu yangu, leo tunakula nyama. Nyama kaipata wapi, Mungu ndiye ajuaye, mji mzima unapanga foleni kwa unga wa njano. Tumekula sinia moja. Kanipa na kikoi kipya.

Jioni barazani, watu wamejaa, akanishika bega: mnamwona huyu? Baharia huyu! Kaja na mali kutoka Ulaya, nyie mnamwona hivi hivi tu. Mali gani, kaka? Nina suruali mbili, blanketi, na redio isiyosema. Nikataka kukanusha, akanifinya bega. Watu wakaniangalia kwa jicho jipya. Shaibu kinyozi akaniuliza kwa kunong'ona kama nina sabuni ya kuuza.

Sikulipenda lile jicho. Lakini nyama ilikuwa tamu, na ndugu yangu kanishika bega. Nimekaa muda mrefu sana bila kushikwa bega na mtu wa kwetu.

Jumanne, 22 Machi

Mama kaniita mwanangu!

Mzee Shomari, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja baada ya alasiri kuuliza nani anakaa chumba gani. Watu wanaulizwa siku hizi, kila mtu ajulikane. Shikamoo mzee. Marahaba. Akanitazama, ananikumbuka mdogo, lakini alikuwepo kwenye hitima yangu ile ya kwanza, kala na ubwabwa. Akamgeukia Mama: Bi Thuraya, huyu nani?

Mimi nikaangalia chini. Nilijua atasema mgeni.

"Huyu mwanangu Mbaruk, amerudi. Chumba cha uani ni chake, na vilivyomo ni vyake."

Nililia mbele ya Mzee Shomari bila haya. Naye kafuta macho. Salem alikuwa kasimama mlangoni, akamtikisia Mama kichwa kidogo, kama kusema: vizuri. Mimi sijali. Kaniita mwanangu! Nimekwenda kutembea mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, natabasamu peke yangu kama chizi.

Alhamisi, 24 Machi

Leo haikusomwa Yasini.

Ijumaa, 25 Machi

Nimetoka msikitini nimemkuta Salem chumbani kwangu na wapagazi wawili. Maboksi mpaka darini! Sabuni, betri, dawa ya meno, madoti ya khanga, na mifuko ya sukari chini ya kitanda changu. Walichagua saa ya sala, mtaa ukiwa mtupu. Ndiyo maana rafu za duka ziko tupu, na mimi nilikuwa namwonea huruma.

Nikamuuliza, kaka, vya nani? Vya duka, akasema, vikae kwako siku mbili tatu. Mbona kwangu? Akacheka: kwani wewe si ndugu yangu?

Jioni redio. Walanguzi wote watasakwa, nyumba kwa nyumba, atakayekutwa na bidhaa zilizofichwa anakamatwa. Tulikuwa tumekaa wote ukumbini. Mauza alisimama akazima redio, halafu akaiwasha tena, halafu akaizima.

Nimekaa kitandani. Nikigeuka naisikia sukari chini yangu. Na yale maneno ya Mama kwa Mzee Shomari yamenirudia, safari hii yote, mpaka mwisho. Chumba ni chake, na vilivyomo ni vyake. Siku ile nilisikia mwanangu tu.

Hapana. Haiwezekani. Mama hakujua anachosema, kalishwa maneno.

Jumapili, 27 Machi

Mji umeshikwa na kichaa. Watu wanatupa mali! Asubuhi Mtaa wa Kongo nimeona vitenge vipya mtaroni, na watu wanavikwepa, hakuna anayeokota. Nimekwenda mpaka daraja la Msimbazi. Mto una povu kutoka ukingo hadi ukingo, mtu kamwaga sabuni ya unga. Wazee wamesimama wanatazama. Na asubuhi hiyo hiyo foleni ya kununua sabuni ilikuwa inazunguka jengo zima.

Nikarudi nikamwambia Salem: tuvitupe. Akasema vina thamani ya maisha yake yote. Nikamwambia, basi virudi dukani kwako. Akatikisa kichwa. Nikasema kaka, mimi sibebi. Nilikataa Dakar nikiwa sina mtu, nitakataa hapa. Hakupandisha sauti. Akaniuliza, kwani wewe una nini cha kupoteza? Huna mke, huna mtoto, huna kazi. Mtaa mzima unajua umekuja na mali. Mama keshamwambia balozi. Nani atakuamini?

Wallahi nilitaka kumpiga.

Jumatatu, 28 Machi

Salem kasafiri alfajiri. Tanga, kumwona mgonjwa. Mgonjwa gani? Mauza kachukua watoto kaenda kwao Ilala. Aliponiaga hakutania. Alisema, shemeji, ondoka. Usiulize, ondoka tu. Kisha akanishindilia mkate mkononi.

Wamebaki Mama na mimi, na maboksi. Ufunguo wa duka Salem kaondoka nao.

Kuondoka! Ni kazi ninayoijua kuliko zote. Sanduku lenyewe sijalifungua vizuri.

Jumanne, 29 Machi

Wamemchukua muuza vyombo wa nyumba ya nne. Walimpitisha hapa barazani, kafungwa mikono kwa shuka. Mkewe alikuwa anakimbia nyuma bila viatu. Watu wengine walipiga makofi, watu ninaowajua.

Usiku Mama kapika wali wa nazi. Nazi kaitoa wapi? Kanipakulia mwenyewe, mara mbili. Ananitazama ninavyokula. Nilikuwa nimeapa nitamwuliza leo kama alijua. Sikuuliza. Niliogopa atajibu.

Jumatano, 30 Machi

Asubuhi. Wamo mtaani. Lori limesimama pale kona, mgambo na polisi, wanaingia nyumba moja baada ya nyingine.

Nimekwenda chumbani kwa Mama. Nikamwambia, Mama, wakija nitasema kweli. Mali si yangu, ni ya Salem. Sauti yangu ilikuwa imetulia, ile ile ya Dakar, nikajisikia mtu mzima. Hakukasirika. Kanikalisha kitandani kwake, tangu nirudi sijakaa pale. Kanipapasa nywele. Kisha akasema, kwa upole kabisa, sijapata kumsikia mpole namna ile:

"Salem ana watoto watano. Akifungwa Salem, nyumba hii imekwisha. Wewe, baba, nilishakulilia. Nilishazoea. Nitaweza."

Kwa hiyo alijua. Siku ile mbele ya Mzee Shomari alijua.

Nilitaka kusema hapana. Limekaa hapa kooni, zima, tayari. Nahodha nilimwambia. Polisi wa Hamburg nilimwambia. Lakini wale hawakunizaa! Hakuna bandari iliyonifundisha kumwambia hapana mtu aliyenishika nywele hivi. Nikarudi chumbani kwangu.

Sasa wako kwa Mzee Shomari. Nasikia vyungu vinaanguka, na yeye anasema kwa sauti, karibuni, karibuni, tazameni.

Mlango wa uani hauna kufuli. Nimeutazama. Nikitoka nitafika bandarini kabla ya adhuhuri. Na watasema ndiyo hivyo, mali yake, katoroka. Nitakuwa nimekufa tena, na safari hii hakuna atakayenisomea.

Nikibaki nikasema kweli, Mama atasimama mbele ya mtaa mzima na kuwaambia mimi mwongo. Atafanya. Nimeyaona macho yake.

Nikibaki nikanyamaza, basi mimi ni mwanawe.

Mama kaja mlangoni. Kaleta shati la Salem, jeupe, limepigwa pasi. Mbaruk, vaa hili, usionekane mbele za watu na hilo chafu. Nimelivaa. Limenibana mabegani. Kanifunga kifungo cha juu yeye mwenyewe, vidole vyake vinanuka kitunguu.

Wanagonga.

"Kafungue, mwanangu," anasema Mama.